Saa za Naqi

Jina la mume wangu lilikuwa kwenye mstari wa mia na kumi na saba wa orodha ya wafanyakazi: Naqi, mwanagenzi wa umeme, saa mia na sitini mwezi wa Novemba. Mwezi huo Naqi alikuwa nyumbani kwetu Weston, hapa Toronto, bega limefungwa bendeji, hawezi hata kuvaa shati bila mimi.

Kazi yangu ilikuwa ripoti. Kampuni inayojenga mradi mkubwa wa nishati hupewa nafuu ya kodi, na huipata kamili ikiwa angalau sehemu moja ya kumi ya saa za kazi imefanywa na wanagenzi. Kampuni huleta orodha za wafanyakazi. Sisi serikalini huzikagua, kisha hutoa ripoti ya mwaka ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Wachache huisoma.

Dar es Salaam Naqi alikuwa mhandisi. Toronto vyeti vyake havikumsaidia kitu, akaanza upya, mwanagenzi wa miaka arobaini na tatu, kwenye ujenzi wa betri kubwa za kuhifadhi umeme. Msimamizi wake alikuwa Dean, Mgoa wa Nairobi, aliyekula pilau mezani kwetu na kumwita kaka. Oktoba ngazi iliteleza, Naqi akaanguka na kuumia bega. Dean akamwomba aseme ameumia nyumbani, ili ujenzi usisimamishwe. Naqi alikataa. Siku ya nne akapewa barua ya kufukuzwa, na sababu iliyoandikwa ni uvivu.

Neno hilo lilimuumiza kuliko bega. Hata msikitini akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na viatu.

Kanuni ilinitaka nimkabidhi faili la kampuni ile mkubwa wangu, Crystal, kwa kuwa lilimhusu mume wangu. Sikumkabidhi. Nililishikilia wiki tatu. Niliwapigia simu watu wa kwenye orodha, mmoja mmoja, na nikawapata wengine kumi na wanane walioachishwa zamani, ila kwenye karatasi bado wanavuta nyaya. Kila aliyeniambia "mimi siko huko tena" alinipa raha ambayo sijaionea haya mpaka leo.

Barua ya maswali ilitoka na sahihi yangu, kwenda kwa Dean aliyethibitisha orodha. Dean akapiga simu.

"Dada Zahira," alisema kwa Kiswahili, sauti ameishusha. "Sisi ni watu wa nyumbani. Hilo ni kosa la karani tu. Tulimalize wenyewe."

"Yaandike hayo kwenye majibu yako," nikamwambia. "Nitayasoma."

Hakuandika. Kampuni ilikatwa nafuu, na Februari Dean akapoteza kazi. Crystal naye aligundua nilichomficha, akanihamishia masjala, ngazi mbili chini kwa cheo. Sikubisha.

Ripoti ilitoka Jumamosi. Nilimpa Naqi simu yangu, akaisoma polepole aya inayohusu kampuni yao, akarudia.

"Jina langu halimo."

"Ripoti haitaji majina."

"Sasa nani atajua?"

"Dean anajua."

Chini ya dirisha treni ya uwanja wa ndege ilipita, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Ana watoto watatu," akasema.

"Najua."

Nilivuta kiti nikakaa karibu yake, nikamwomba anisomee tena, safari hii kwa sauti.