Barua ya Kumfukuza Tajiri

Siku Povu alipokwenda benki kufungua akaunti, karani alibonyezabonyeza kompyuta yake, akakunja uso, kisha akasimama wima na kumpa mkono.

"Karibu sana, Mkurugenzi."

Povu akageuka kumtafuta huyo Mkurugenzi. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu, na picha ya familia iliyokuwa ikicheka kwa furaha ya kukopeshwa.

"Ni wewe, dada," karani akasema. "Naona hapa una kampuni ya udobi. Mlikopa mkanunua mashine za kufulia. Na, samahani kusema, mmeacha kulipa."

Povu akacheka mpaka akashika meza. Mshauri aliyemsindikiza hakucheka. Mama huyo kazi yake kwenye kituo alikohifadhiwa Povu ilikuwa kuwasaidia watu waliotoka mikononi mwa wauza watu wapange upya mambo yao ya fedha. Vituko alikuwa ameviona vingi, ila cha mtu kufanyishwa kazi bure kwenye kampuni yake mwenyewe kilikuwa kipya.

Mambo yalikuwa hivi. Povu aliahidiwa kazi ya kuuza duka katika mji wa mbali, nauli juu ya mwajiri. Alipofika, mtu waliyemwita Tajiri akachukua kitambulisho chake ati akitunze kisipotee, akamfungia uani pamoja na msichana mwingine. Kutwa kucha wakawa wanafua mashuka ya mahoteli kwa mikono, hakuna mshahara, hakuna kutoka nje. Yule mwenzake alikuwa akianza kuongea kabla hajafumbua macho, ndiyo maana wakambatiza jina la Kimya. Polisi walipovunja lango, Tajiri akaenda mahabusu, na wao wakaletwa kituoni. Sasa ikabainika kwamba vitambulisho vyao, walivyorudishiwa na polisi, navyo vilifanyishwa kazi.

"Mashine!" Povu alifoka wakiwa njiani kurudi. "Zile za dukani mbele, za kuwaonyesha wateja! Sisi tukizisogelea tu, ni makofi. Alisema zinakula umeme. Mimi nakula nini, nikamuuliza. Akasema ndiyo maana ananipenda mimi."

Wakili wa kituo, kijana mpole mwenye tai fupi kuliko inavyotakiwa, aliwaketisha Povu na Kimya akawaeleza. Deni angelipeleka mahakamani lifutwe, maana sahihi zote zilikuwa za kughushi. Tatizo lilikuwa shemeji yake Tajiri. Huyo alikuwa bado anafungua duka kila asubuhi, anapokea nguo na pesa za watu, na matatizo yote yanaandikwa kwa majina yao.

"Kwenye karatasi, kampuni ni yenu nyinyi wawili," akasema. "Tajiri kajiandika meneja. Maana yake ni mwajiriwa wenu. Mkikaa kikao mkamwondoa, shemeji hana pa kusimama. Nami nitaandika wazi kwamba kufanya hivyo si kukubali deni."

Kimya akanyanyua mkono. "Kwa hiyo sisi ni matajiri?"

"Nyinyi ni wadaiwa."

"Si ndiyo matajiri wenyewe hao?"

Kikao kilifanyika jikoni, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kumenya viazi. Kimya akawa mwenyekiti, baada ya kujipigia kura na kuinua mkono wa Povu kwa nguvu. Akafungua kikao kwa hotuba ndefu, akawashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao nyingi, akakemea wanaomenya maganda manene. Wakili akangoja, kalamu mkononi.

"Sababu ya kumfukuza?" hatimaye akauliza.

Kisu cha Povu kikasimama. Sababu zilikuwa nyingi mno, na zote zilitaka kutoka kwa pamoja. Machozi yakaanza kumlengalenga. Mshauri akasogeza kigoda karibu yake.

"Utoro," Kimya akasema.

"Utoro?"

"Haonekani kazini tangu akamatwe. Kaomba ruhusa kwa nani? Povu, wewe alikuomba?"

Povu akafuta pua kwa mkono wenye maganda. "Hajaniomba."

"Na mimi hajaniomba. Andika, wakili. Mtoro mkubwa yule."

Wakili akaandika. Povu akaanza kucheka tena, safari hii kicheko cha kupumua, na viazi vikamenywa upesi.

Barua ikapelekwa mahabusu. Wakili aliporudi walimvamia mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kacheka sana. Halafu kaisoma tena, akaacha kucheka. Halafu kaniuliza kama atalipwa kiinua mgongo."

Kimya akaangukia gunia la vitunguu kwa kicheko.

Kesho yake walikwenda dukani na wakili, mshauri na inspekta wa polisi. Langoni walimkuta mlinzi mgeni, mzee mwenye kofia kubwa, aliyeajiriwa na shemeji baada ya Tajiri kukamatwa. Akawazuia kwa rungu.

"Hapa haingii mtu bila ruhusa ya Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi, baba," Povu akasema, akamwonyesha kitambulisho.

Mzee akakisoma, akasoma na uso wake, akapiga saluti kofia ikaanguka. Alipoiokota sauti ilikuwa imebadilika. "Basi Mungu kakuleta, mwanangu. Tangu nianze hapa sijaona hata senti. Kila siku naambiwa Mkurugenzi hajasaini."

Povu akaelewa. Mtu alikuwa akifanyishwa kazi bure kwa jina lake. Alitamani kukimbia. Badala yake akamgeukia wakili.

"Huyu alipwe kwanza. Kabla ya benki, kabla yangu mimi."

"Hilo nitalisimamia," wakili akasema.

Ndani, shemeji alikuwa amejinyoosha juu ya mashine mojawapo kama mtu aliye ufukweni, kavaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri ajabu.

"Karibuni, mashemeji zangu!" akaruka chini. "Haya mambo ni ya kifamilia, tutayamaliza wenyewe."

"Familia ipi?" Kimya akamjia juu. "Na mashine yangu umeichafua!"

Lakini inspekta alikuwa anaizunguka ile suti. "Geuka, bwana."

Shemeji akageuka. Matakoni palikuwa na kiraka cha rangi isiyofanana kabisa.

"Kiraka hicho alikishona mama mkwe wangu," inspekta akasema taratibu. "Nilileta suti hii hapa, nikaambiwa imepotea. Mke wangu kanilaza sebuleni mwezi mzima kwa sababu yako."

Shemeji akaondoka dukani kwa pingu, amevaa shuka la hoteli, na inspekta nyuma yake kabeba suti mkononi kama mtoto mchanga.

Kesi ilijivuta, ila mwisho mahakama ikafuta deni kwenye majina yao, kampuni ikafungwa, na gari na nyumba ya Tajiri vikauzwa ili walipwe malimbikizo ya mishahara. Mlinzi alilipwa wa kwanza. Kimya akapata kazi ya kupokea simu katika kampuni ya teksi, na wateja wakalalamika kwamba wanachelewa safari, maana wanapenda kumsikiliza hata hawakati simu.

Povu akakaa na mshauri kupanga matumizi. Kodi ya chumba, akiba, ada ya kozi ya ufundi umeme. Kwenye starehe hakuweka kitu.

"Weka," mshauri akamhimiza. "Kitu kisicho na faida yoyote. Hiyo ndiyo kazi yako ya nyumbani."

Povu akatembea mjini kutwa, akarudi na tarumbeta kuukuu lililobonyea pembeni. Hakujua hata linashikwa vipi. Kesho yake alasiri, mshauri akiongea na benki kwa simu, uani pakasikika sauti ya mbuzi mwenye mafua makali. Akainuka kufunga dirisha. Akamwona Povu, mashavu yamevimba, kafumba macho.

Akaliacha dirisha wazi, akarudi kwenye simu.

"Niongezee sauti, karani," akapaza yake. "Hapa tuna kelele kidogo."