Salamu Zilizokatizwa

Muuguzi alikuwa akipiga deki baraza la hospitali ya Garsen, akafika penye benchi. "Mzee, inua miguu," alisema. Fahamu ya Bule ikainua miguu, naye akapitisha mopu chini yake.

Bule mwenyewe alilala chali wodini, macho yamefumbwa, tangu alipoanguka kwenye malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, alipoikuta imezibwa kwa waya wa shamba jipya. Fahamu yake ilifanana naye kwa kila kitu, kikoi, fimbo, hata kile kikohozi. Ilikataa tu kurudi ndani.

Daktari Changawa aliisihi. Asmaa, mtafiti wa chuo kikuu, alimvika Bule kofia ya nyaya, mashine ikachora mstari mnyoofu. Akaivika fahamu ya benchini, mashine ikachora milima. Alifurahi, kisha akaomba radhi kwa kufurahi. Sheikh Abdinur aliisomea Yasini, ikaitikia amina na kubaki pale pale. Alisema roho ni amri ya Mola, lakini hii si roho, huu ni ukaidi wa Bule, anaujua tangu waliposoma pamoja chuo cha Kurani.

Gumato, bintiye, alikaa kando na chupa ya chai, akiona haya kusema. Alijua kosa ni lake. Salamu za Waorma huanza na watu, zikaenda kwa ng'ombe, nyasi na mvua. Anayezikatiza humwacha mwenzake mlangoni. Kila asubuhi yeye aliishia kwa watu, akiogopa jibu la ng'ombe lingemmaliza baba.

Siku moja daktari alimwambia mwili hautaweza kungoja hadi kesho. Gumato akaweka chupa chini.

"Ng'ombe nao, Baba, wamekufa kwa kiu. Wamebaki watatu."

"Yule mweusi?"

"Yumo."

"Nyasi?"

"Hakuna."

"Mvua?"

"Bado."

"Haya. Sasa umenisalimia."

Fahamu ikashika fimbo, ikaingia wodini. Bule akafumbua macho, akaomba chai, akalalamika sukari ni kidogo. Gumato alikaa pale kwenye benchi, bado lina joto, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Waya ungalipo. Jioni ng'ombe watatu hunywa kwenye karai maji anayobeba Gumato kichwani, akilizunguka shamba lote, na Bule humwuliza habari za kila mmoja.