Katlesi ya Mama na Mwisho wa Tarulata

Nimeishi na mume wangu, Baba Mithu, miaka thelathini na minane, na miaka yote hiyo sijawahi kulala kwenye kitanda ambacho chini yake hakuna mtu anayelia, anayekunywa sumu au anayefukuzwa na mama mkwe. Ni vijitabu. Zamani kila jumba la tamthilia huku kwetu kaskazini mwa Kolkata lilikuwa linauza mlangoni kijitabu chembamba cha onyesho: picha za waigizaji waliopakwa poda hadi masikioni, majina yao, nyimbo, na hadithi kwa ufupi. Mume wangu anavyo elfu moja mia mbili na kumi na vinne. Vimejaa chini ya kitanda, juu ya friji, na ndani ya kabati la sari zangu, ambalo siku hizi ni kabati lake lenye sari zangu.

Kisha kuna vitabu kuhusu majumba yenyewe, vinene kama matofali. Hivyo huvisoma akiwa na penseli mkononi, kusudi awakamate waandishi. Aliwahi kumwandikia profesa mmoja barua ya kurasa tisa kwa sababu alisema Jumba la Manorama lilikuwa na viti mia nane na arobaini. Vilikuwa mia nane thelathini na sita. Profesa hakujibu. Baba Mithu akamtumia barua ya pili, na safari hii akaambatanisha mchoro wa choo kilichokula vile viti vinne. Ndivyo alivyo. Hawezi kudanganya hata mgeni anayeuliza kama amenenepa.

Sasa, vijitabu hivyo vina ugonjwa mmoja. Hadithi inaanza vizuri, inapamba moto, mke anasingiziwa, mtoto anapotea, halafu unakutana na mstari huu: "Yaliyobaki mtayaona jukwaani." Vyote viko hivyo. Wenye majumba waliogopa kwamba ukishaujua mwisho hutakata tiketi. Kwa hiyo mume wangu anajua hadithi elfu moja na zaidi zinavyoanza, na zinavyoisha labda kumi. Nyingine zote hazimsumbui. Inayomsumbua ni moja.

Alikuwa na miaka tisa. Mama yake, mwanamke asiyetoka nyumbani ila kwa harusi na misiba, alimbembeleza mumewe miaka miwili hadi akaruhusiwa kwenda Manorama kuona mchezo uliokuwa mdomoni mwa kila mtu, "Mke wa Nyumba ya Saba." Akamchukua mwanawe awe mlinzi wake. Wakati wa mapumziko akamnunulia katlesi ya mbuzi. Tarulata, ndiye mke mwenyewe, alipofukuzwa na kushika njia ya mtoni, ukumbi mzima ukivuta kamasi, katlesi ikaamua kurudi ilikotoka. Mama akambeba mtoto, akatoka mbio. Hakuuona mwisho. Mchezo ukaondolewa mwezi uliofuata, jumba likaja kuungua, na leo pale wanauza magodoro.

Mama hakumsamehe. Mtoto alipofaulu mitihani alimwambia, "Vizuri, lakini ulininyima mwisho wangu." Siku alipoajiriwa posta, hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilipoingia mlangoni kwake bibi-arusi, miguu bado imepakwa rangi nyekundu, aliniinua uso kwa kidole akasema, "Mkamwana, huyu mwanangu ana tumbo dhaifu. Kwa sababu yake sijui Tarulata aliishia wapi." Hayo ndiyo makaribisho niliyopewa. Na miaka kumi na miwili iliyopita, alipokuwa anakata roho, sote tumemzunguka tukingoja wosia, alimvuta Baba Mithu karibu akamwuliza, "Alirudi?" Akafa hajajibiwa. Jibu lenyewe hatukuwa nalo.

Mambo mengi ya mume wangu nayacheka, tena mbele yake. Hilo silicheki.

Basi mwezi uliopita nilikwenda kwa tabibu wangu wa magoti, yule wa vidonge vidogo vitamu. Chumba chake kimegawanywa na pazia tu, kwa hiyo sisi tulioko benchi huwa tunaugua pamoja na aliyeko ndani. Ndani alikuwamo mama mmoja.

"Daktari, hapa ubavuni nasikia kama… kama…"

"Kichomi," sauti ikanong'ona pembeni yangu.

"Kichomi!" akasema yule mama. "Na nikiinama, napata…"

"Kizunguzungu."

"Kizunguzungu!"

Tabibu akafunua pazia kwa hasira. "Haradhan-babu! Mwache mgonjwa augue mwenyewe!"

Pembeni yangu palikuwa na mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, ametulia utadhani hakufungua kinywa. Nikamwuliza, "Samahani mzee, hiyo ni kazi au ni maradhi?"

"Ilikuwa kazi, mkamwana. Nilikuwa mnong'onezi. Nakaa kando ya jukwaa na kitabu, mwigizaji akisahau maneno namtupia. Miaka ishirini na tisa, Manorama."

Magoti yangu yakapona palepale. Nilitoka bila dawa.

Jumapili asubuhi tulikuwa kwake, chumba kimoja cha ghorofani kinachotazama ua wa wapangaji. Baba Mithu alikuwa amevaa kurta, kanzu fupi aliyoivaa kwenye harusi ya Mithu, binti yetu, na kijitabu cha mchezo ule amekitia ndani ya bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Nilibeba boksi la sandesh, vitamutamu vya maziwa. Akamweleza mzee kila kitu: mama, tumbo, swali la mwisho. Kisha akaomba, "Nisimulie tu, mzee wangu, ilivyoisha."

Haradhan-babu akamshangaa. "Nisimulie? Mimi? Sijawahi kusimulia kitu tangu nizaliwe. Mimi nanong'ona, mtu anasema. Kitabu kiliungua, kimebaki humu," akajigonga kichwa, "lakini hakitoki bila mtu wa kukisema. Simama pale barazani. Wewe ni Bhuban, mume. Mkamwana, wewe Tarulata."

"Mzee, mimi nina magoti."

"Hata Tarulata alikuwa nayo. Aliyemcheza alikuwa na miaka hamsini na mbili, na bibi-arusi ni wa miaka kumi na tisa. Simama!"

Tukasimama. Kwenye baraza ya upande wa pili wa ua, mama mmoja mnene alikuwa anaanika achari ya maembe. Akaacha. "Mama mkwe mmempata?"

"Bado," akasema mzee.

"Basi msihangaike. Nina wakamwana watatu." Akajifuta mikono, akajishika kiuno, na kabla hajanong'onezewa neno akaanza kunitukana kutoka kwake, mimi na kwetu, hadi mzee akamsihi amwachie angalau mistari miwili ya mwandishi.

Ikawa zamu ya Bhuban kumfukuza mkewe. Mzee akanong'ona. Baba Mithu akasema, "Toka. Nyumbani. Kwangu."

"Hasira!" mzee akamzomea. "Unafukuza mke, hufungi dirisha la posta!"

"Toka nyumbani kwangu tafadhali."

Ua mzima ukaangua kicheko. Watu walikuwa wametokeza kila dirisha, mmoja na mswaki mdomoni. Ikafika zamu yangu. Mzee akaninong'oneza: miaka yote hii nimekupikia, nimekufulia, nawe umeamini karatasi kuliko mimi. Katika mchezo karatasi hiyo ilikuwa barua ya uongo. Mimi nilikuwa nafikiria kabati la sari. Sijui nguvu zilitoka wapi, lakini nilipomaliza Baba Mithu alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Huyo si mwigizaji, huyo anasema kweli," akasema mama wa achari.

Nikaenda mtoni, yaani kwenye ngazi, mtungi kiunoni, yaani boksi la sandesh. Nikasimama ngazi ya mwisho kama nilivyoambiwa. Nikangoja mnong'ono. Haukuja. Nilipogeuka, Haradhan-babu alikuwa amevua miwani.

"Mlikuja siku gani?" akamwuliza mume wangu.

"Siku gani vipi?"

"Ya wiki. Tulikuwa tunacheza Alhamisi, Jumamosi na Jumapili. Miisho ilikuwa miwili. Jumamosi na Jumapili wanakuja watu wa mbali kwa treni, wanataka walie hadi walowe. Kwa hao Tarulata anajitosa, mto unamchukua, Bhuban anabaki na mtungi. Lakini Alhamisi ni siku ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema. Ukumbi umejaa wanawake waliotoka kumwashia taa wapate neema nyumbani. Ukiwaulia mama wa nyumba siku ya Lakshmi, watachoma jumba. Siku ya kwanza tulijaribu, wakatupiga viatu. Basi Alhamisi Tarulata anarudi. Nyinyi mlikuja lini?"

Baba Mithu akatoa kijitabu katika bahasha zake zote tatu, akakigeuza mbele na nyuma, ingawa anakijua kuliko kiganja chake. Hakina tarehe. Vyote havina tarehe, kusudi kilichosalia wiki hii kiuzwe ijayo.

Mimi pale ngazini nilikuwa nimeshafika kwenye jibu. Katlesi ya mbuzi. Katika nyumba ya mama mkwe wangu siku ya Alhamisi hata yai lilikuwa halivuki kizingiti, hata kitunguu. Mwanamke yule asingempa mwanawe nyama siku hiyo hata mtoto angekuwa anazimia kwa njaa. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi au Jumapili. Kwa hiyo mto. Nikamtazama mume wangu, nikaona na yeye amefika, tena kabla yangu. Mtu wa viti mia nane thelathini na sita angekosaje kufika? Nikamhurumia mno.

"Alhamisi," akasema.

"Una hakika?" mzee akauliza.

"Alhamisi. Mama alikuwa ametoka tu kwenye ibada."

"Na hilo tumbo," akadakia mama wa achari, ambaye hakuna kinachompita, "ulikuwa umekula nini?"

"Katlesi."

"Katlesi? Alhamisi?"

Baba Mithu akakirudisha kijitabu katika bahasha ya kwanza. "Ya bitiruti," akasema. Kisha akanigeukia. "Sivyo, Mama Mithu?"

Miaka thelathini na minane katlesi ile ilikuwa ya mbuzi. Nimesimuliwa mafuta yake, nimesimuliwa kimfupa kilichomkwama jinoni. Na huyu ni mtu aliyenisahihisha mbele ya wageni siku ya harusi ya binti yetu kwa kukosea namba ya tramu.

"Bitiruti," nikasema. "Amenisimulia hadi nimechoka. Bitiruti na karanga."

Haradhan-babu akatutazama, mmoja, halafu mwingine. Mtu aliyewasikiliza waigizaji miaka ishirini na tisa anajua neno ambalo halimo kitabuni. Akavaa miwani yake, akainama kuelekea ngazini, akanong'ona. Nikapanda ngazi zile na magoti yangu, nikafika mbele ya mume wangu, nikasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Fungueni mlango. Nimerudi nyumbani kwangu."

Watu wakapiga makofi. Mama wa achari akaangusha bakuli, akasema yeye kama mama mkwe angenipokea lakini kwa masharti. Baba Mithu hakusema mstari wake. Mzee alimnong'onezea mara tatu, akaacha.

Tulirudi kwa miguu, tukapitia ilipokuwa Manorama, penye duka la magodoro. Tulipofika, nilikwenda jikoni kuosha mchele. Nikamsikia chumba cha mbele anasogeza kiti. Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya mama yake, ile yenye shada la maua ukutani, amenyooka kama mwanafunzi, anamhadithia mchezo tangu kufunguliwa kwa pazia, kila mtu kwa sauti yake. Bhuban alikuwa na hasira safari hii. Akafika kwenye fitina, akafika kwenye kufukuzwa, akafika mtoni. Pale akanyamaza. Akafungua kinywa, akafumba, akafungua tena.

Wali ungeweza kungoja. Nikasogea nyuma ya mlango, mikono inachuruzika maji, nikanong'ona, "Alirudi."

"Alirudi, Mama," akasema.