Mtoto wa Juu ya Gari

Asubuhi ya kwanza ya sheria mpya ya viti vya watoto garini, fundi cherehani aliegemeza goti kwenye kiti cha tatu cha mtoto, akakisukuma kwa nguvu zake zote, na mlango wa nyuma ukagoma kufungika. Viti viwili vilikuwa vimekaa raha mustarehe, wanawe pacha wamefungwa mikanda. Cha tatu kilikosa nafasi kwa upana wa kiganja. Mama huyu alikuwa amepima viuno vya mtaa mzima, lakini gari lake mwenyewe hakuwahi kulipima. Alijicheka kidogo, kisha akaacha.

Sheria yenyewe hakuichukia. Mtoto wa dada yake aliwahi kurushwa hadi kwenye kioo cha mbele, na kovu bado analo. Mtu mwenye akili hagombani na mkanda. Ila sheria ilisema pia kwamba mtoto asikae mbele, na kwamba kiti kisicho na muhuri wa serikali si kiti. Vyenye muhuri vyote vilikuwa vipana.

Kwenye mzunguko wa barabara, askari mpole aliinama dirishani. Pipi, kitindamimba, alikuwa amebanwa katikati ya kaka zake bila kiti.

“Mama, na huyu wa tatu?”

“Wangu pia, afande.”

“Sijakataa. Lakini gari hili ni la watoto wawili. Kesho mmoja abaki.”

“Abaki na nani? Baba yao yuko safarini.”

“Hapo sheria haijafika,” askari alisema, na alionekana kusikitika kweli.

Jioni ile mama alikaa mezani akiwatazama watatu wakila, akijaribu kuchagua. Alianza na pacha, akashindwa. Akaja kwa Pipi, akashindwa zaidi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sheria haikuwahi kuzaa. Pipi alimaliza chakula, akafuta mdomo, akainuka hewani kutoka kitini, akaelea mpaka kichwa kikagusa dari.

“Shuka unywe maji,” mama alisema. Akashuka, akanywa.

Kulipokucha mama alimfunga kamba kiunoni, kwa fundo lile lile la kufungia marobota ya vitambaa, na ncha nyingine akaifunga kwenye reli ya paa la gari. Wakaondoka. Pipi alielea usawa wa madirisha ya ghorofani, begi la shule mgongoni. Askari aliwasimamisha, akakagua ndani, akaona watoto wawili na mihuri miwili. Kisha akainua macho.

“Na yule?”

“Yule hayumo garini.”

Askari alifikiri, akakubali. “Kweli, sheria ni ya walio ndani. Safari njema, mama.”

Haukupita muda, kila barabara ikawa na watoto wa tatu juu yake, na hapa na pale wa nne. Wizara nayo haikulala. Iliagiza kofia ngumu, fulana za kung’aa, na kamba zenye muhuri. Muuza viti alisema chembamba kinaweza kutengenezwa hata kesho, ila hakuna ofisi ya kukikubali. Watu wakanunua kamba.

Pipi alizoea upesi. Aliyekosa usingizi ni mama, ambaye sasa aliendesha gari mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha, umeishika kamba, apate kujua mtoto yupo.

Siku moja ya mvua walifika nyumbani, akaivuta kamba taratibu na kumpokea Pipi kifuani, miguu ya baridi, nywele zikichuruzika. Pacha waliteremka wakavu, wameshika mbavu kwa kicheko. Pipi akawatazama mmoja mmoja.

“Mama, mlikuwa mnacheka nini?”

Mama alimsimulia. Kilikuwa kisa cha kuchekesha, na njiani nusura aachie usukani kwa kucheka. Alikisimulia chote, hakuruka neno. Pipi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa adabu, kama anavyocheka mgeni.