Meza ya Skini

Kulikuwa na neno moja ambalo Chenge aliapa mbele ya kaburi la mkewe kwamba atakufa bila kulitia mdomoni. Neno lenyewe fupi, la Kizungu: skini. Ngozi, kwa lugha ya watu.

Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, pale ukingoni mwa ziwa, wageni wenye mali walishindwa kushika majina ya wafanyakazi, au hawakutaka. Wakawaita kwa viungo. Anayekata vichwa ni Hedi. Anayepasua matumbo ni Beli. Anayevuta miiba kwa koleo ni Boni, na anayechuna ngozi ni Skini. Wote kwa pamoja ni henzi, yaani mikono. "Kesho tunataka henzi wengi," hutangaza msimamizi, na Chenge akilisikia hilo hutema mate. Mtu anaingia getini mzima, ana kichwa, ana tumbo, ana watoto nyumbani, wao wanahesabu mikono tu! Na bwana mkubwa wao naye wanamwita hedi, sawa na kile kichwa cha samaki kinachotupwa kwenye lori. Ila yeye hatupwi.

Tereza, mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimcheka.

"Baba Hellen, una hasira za bure. Mbona ndizi tunazihesabu kwa mikono? Mbona treni ina kichwa? Tukisema mguu wa meza, meza imelalamika lini?"

"Meza haina mume," alijibu Chenge.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imefungua milango, kila kitu ruksa, na kiwanda cha pamba alichobebea marobota ujana wake wote kikatiwa kufuli. Wakubwa walikuja na suti zao wakasema subirini. Chenge akasubiri. Tereza hakusubiri, alivaa mabuti akaenda kuchuna sangara kwenye barafu. Jioni alirudi vidole vimekufa ganzi, na Chenge aliichukua mikono ile akaibana kwapani mwake mpaka ipate uhai. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kisha kifua kikamshika Tereza, wakati zahanati nayo ilikuwa imeacha kutibu watu bure, kwa amri ya wakubwa wale wale. Hakufika mbali. Msibani alikuja Josephat, msimamizi wa kiwanda, na mfuko wa sukari. Akala ugali, akanawa, akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Kwa kweli tumempoteza Skini wetu." Matanga hayajaanuliwa, akatuma ujumbe kwamba Hellen, binti wa marehemu, akitaka nafasi ya mama yake iko wazi. Hellen alikuwa mjamzito na aliyempa mimba alikuwa ameshaondoka zake. Akaenda. Alipojifungua alimpa mtoto jina la Tereza, na kabla kitovu cha mtoto hakijakauka akarudi mezani. Mtoto akabaki na babu yake, na Chenge akawa anamwita "mke wangu mdogo".

Sasa asubuhi hiyo mke wake mdogo aliamka anachemka. Kufika zahanati, degedege lilikuwa limeshampitia mara moja. Muuguzi alimtazama tu.

"Babu, huyu mkimbize hospitali kubwa. Na mama yake awepo, atalazwa naye, bado ananyonya."

Chenge alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya marehemu, akateremka mbio mawe ya mlimani kuelekea kiwandani. Getini, wanawake wanaouza mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa wanayoachiwa wenye nchi, walimwona.

"Jamani, babu kajifungua!"

"Mzee, hongera! Na maziwa unayo?"

Kicheko kikapasuka. Mmoja wao, Getruda, alipouona uso wake aliwapungia mkono wenzake waache.

Mlinzi alikuwa Otuoma, Mjaluo mrefu mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niitie Hellen upesi, mtoto mgonjwa."

"Hellen yupi, mzee wangu? Wamo wengi."

"Hellen Chenge. Mwanangu."

Otuoma alishika simu, hakuinyanyua. "Humu jina halipiti. Nikipiga wananiuliza meza. Yuko meza gani?"

"Ana jina."

"Nimesikia ana jina. Hata mimi ninalo, lakini huko ndani naitwa Geti. Niambie meza, mzee, nikusaidie."

Chenge alimpita akashika vyuma vya geti. "Hellen! Hellen weee!" Mashine zilinguruma ndani, zikaimeza sauti yake. Akaita tena mpaka koo likamkereketa. Hakutoka mtu.

Ndipo mtoto aliporuka mgongoni. Visigino vidogo vikampiga mbavuni, vikampiga tena, mwili ukakakamaa kama kuni. Chenge alifumba macho. Alimwona Josephat msibani ananawa mikono. Alimwona Tereza.

"Skini," alisema. "Yuko meza ya Skini."

Neno lilitoka kama mwiba uliokwama kooni. Otuoma alikuwa ameshanyanyua simu.

Hellen alitoka mbio, mabuti meupe, aproni ya plastiki inatiririka maji. Nyuma yake alikuja Josephat.

"Skini! Wewe Skini! Ukivuka geti hilo usirudi. Mchana huu huu nina Skini mwingine!"

Hellen hakugeuka. Alifungua aproni akaitundika kwenye chuma cha geti, akapenyeza mikono kati ya vyuma, akamshika mtoto mgongoni mwa baba yake. Chenge alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Josephat, maneno aliyoyalalia na kuyaamkia tangu msiba. Yote yalimpotea.

"Josephat, ulikula ugali wa matanga ya Tereza," alisema. "Huyu mwanawe anaitwa nani?"

Josephat aliitazama aproni iliyoning'inia getini.

"Anaitwa Hellen," alisema Otuoma, akafungua geti.

Getruda wa mapanki alikuwa ameshasimama katikati ya barabara, mikono juu, amezuia pikapu. "Shusheni hiyo mizigo! Hamwoni mtoto?" Wakapandishwa nyuma, kwenye harufu ya samaki, wakaondoka.

Hospitali walimtundikia mtoto dripu, sindano ikaingia kwenye mshipa wa kichwani. Daktari akasema dawa ndiyo hiyo, sasa tungoje. Wakangoja. Mtoto alilala kimya mno. Hellen aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakitoa, akakiweka tena.

"Baba, mguse wewe. Mimi sijui kama ana moto au amepoa. Mikono yangu haisikii kitu."

Chenge aliitazama ile mikono. Ngozi imekunjamana, nyeupe kwenye ncha, mikwaruzo ya magamba mpaka kwenye vifundo. Aliijua. Hakumgusa mtoto. Aliishika mikono ya binti yake, akafungua vifungo vya shati, akaiingiza kwapani mwake na kuibana. Baridi ilimpiga mpaka kwenye meno. Hellen alimtazama kwa mshangao, kisha akainamisha kichwa begani kwake. Wauguzi walipita, wagonjwa wa vitanda vya jirani walikodoa macho, naye hakulegeza.

Muda ulipita. Vidole vikaanza kuchezacheza mbavuni mwake.

"Vinawasha," Hellen alinong'ona.

"Basi vimerudi. Mguse sasa."

Hellen aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto. Chenge alishika ukingo wa kitanda.

"Baba. Nasikia moyo wake. Unapiga vizuri." Akapandisha mkono mpaka kwenye paji la uso. "Na moto unashuka."

Chenge alirudisha vifungo vya shati. Barafu ya mikono ile ilikuwa bado imemkaa kwapani, akaibana hapo hapo.