Umbo Lisilo na Uso

Umbo la mtu lilikaa kwenye skrini, halina uso wala nguo, mgongo umepinda kama ndoano. Pale kiunoni kompyuta ilikuwa imepaka rangi nyekundu.

"Huyu mfanyakazi mnamwonaje?" mhandisi aliuliza.

Meneja wa kiwanda cha nguo hakumsubiri mwenye kiwanda afungue kinywa. "Mzembe. Hajui kukaa. Mtu wa namna hii mimi simpi hata wiki."

Maneno yaleyale. Miaka kumi na mmoja iliyopita meneja alimtamkia mama wa mhandisi huyu, mshonaji aliyeinamia cherehani hadi pingili za mgongo zikasagika, kisha akamfukuza mikono mitupu. Mhandisi, binti wa shule wakati huo, alikuwa mlangoni amevaa sare. Tangu siku hiyo kinyongo alikilea kama mwana. Alikisomesha, akakifikisha chuo kikuu, na kiwanda kilipotafuta mtaalamu wa kupima mikao ya wafanyakazi kwa kompyuta, akaja nacho kazini. Meneja hakumkumbuka.

Juzi binti alimwomba meneja kwa adabu akae kwenye cherehani kwa muda wa saa tatu, majaribio tu. Akambandika vitone vyeupe mabegani, kiunoni, magotini, ili kamera inase mkao wake. Meneja alicheka, akajipiga picha.

"Basi ni wewe, bosi," mhandisi alisema sasa, akabonyeza kitufe.

Video ikajitokeza kando ya umbo: meneja mwenyewe, ulimi nje, akihangaika na mguu wa suruali. Mwenye kiwanda alikohoa ili asicheke.

"Kile kiti ni kifupi," meneja alisema. "Mtu yeyote angepinda."

"Mama yangu alikwambia hivyohivyo. Cherehani namba arobaini."

Meneja alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kisha akainamisha kichwa. Binti alikusanya vifaa vyake akatoka, moyo mweupe, hatua nyepesi.

Nyumbani alimkuta mama amelala ubavu, kama kawaida. Alimsimulia yote, akamwigiza meneja mpaka ule ulimi. Mama alicheka hadi akashika kiuno.

"Enhe," alisema akifuta machozi. "Na vile viti, wamekubali kuvibadilisha?"

Binti aliviweka chini vifaa vyake. Hakuwa ameuliza.

Mama aliitazama saa ya ukutani. "Zamu ya mchana imeshakaa kwenye viti vilevile," alisema, akageukia upande wa pili taratibu, pingili kwa pingili.