Siku ya Kukabidhi Ufunguo

Fomu ya kubadilisha jina la gari ilikuwa juu ya meza ya kioo, kati ya chupa za manukato na mafungu ya udi, na kila nafasi ilikuwa imejazwa isipokuwa mbili: sahihi ya muuzaji na tarehe. Mzee Abdulfatah aliivuta karibu kwa kidole kimoja, akaisoma toka juu hadi chini midomo ikicheza, kisha akanisogezea kalamu.

"Tarehe andika wewe, bibi," akasema. "Lakini si ya leo. Andika siku ile niliyotoa ufunguo."

Nilikuwa nimesimama tangu niingie katika kile kiduka chake nyuma ya msikiti, katikati ya jiji, na nyonga yangu ya kushoto ilikuwa inawaka moto. Nilitaka sahihi moja tu, nirudi nyumbani nikalale. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na sita. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa na nilikuwa nimechoka: nimechoka na duka langu la dawa pale Kilimani, nimechoka na nyumba kubwa ya Karen niliyokuwa nahama, na zaidi ya yote nimechoka na gari.

Gari lenyewe lilikuwa Alfa Romeo Spider, jekundu, la mwaka wa themanini na mbili, viti viwili na paa la kukunja. Nililinunua Agosti ya tisini na moja, wiki tatu baada ya mume wangu kuhamia kwa mwanamke mwingine. Watu wakasema Waceke amechanganyikiwa. Waache waseme! Mke aliyeachwa hutarajiwa anunue Biblia mpya na ng'ombe wa maziwa. Mimi nikanunua gari lisilo na mahali pa kuweka hata gunia la viazi. Nililipenda, sitaficha. Nililipenda kuliko nilivyowahi kumpenda yule bwana.

Aliyeliuza sikumjua. Dalali ndiye aliyenipa ufunguo na logbook, hati ya gari, yenye jina la mwenyewe, Abdulfatah Twahir, karani, sanduku la posta Nairobi. Akaahidi kuniletea fomu ya kubadilisha jina wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Tulikuwa wengi jijini humu tukiendesha magari yenye majina ya watu tusiowajua, na mambo yalienda tu. Kwa nini nijisumbue?

Sasa nilikuwa nahamia flati ya Kilimani yenye nafasi ya gari moja, na nyonga nayo ilikuwa imekataa. Spider limekaa chini kama kigoda. Kuingia unaanguka tu, lakini kutoka ni kazi ya kupangwa. Mnunuzi nilikuwa nimempata, Bwana Mwendwa wa Karen, mkusanyaji wa magari ya zamani. Ana banda la magari kumi na moja yanayofutwa vumbi kuliko watoto wa watu wengine wanavyoogeshwa. Alilizunguka langu mara tatu, akapiga magoti kutazama chini yake, akainuka akitabasamu.

"Vyaelea vimeundwa, mama. Hii umeitunza. Nitengenezee tu makaratasi. Jina likibadilishwa, Jumamosi naichukua." Ndipo nikaandika barua kwa lile sanduku la posta la kwenye logbook, na jibu likanielekeza kwenye duka la manukato.

Aliona lilikuwa na maili chache, akafurahi. Hakuuliza kwa nini. Nami sikumwambia, kama ambavyo sikuwa nimemwambia binti yangu Debra wala padri wangu, kwamba gari lile lilikuwa limekaa chini ya turubai miaka kumi na miwili hadi fundi alipolifufua mwezi ule, na kwamba halikuwa linatunzwa. Lilikuwa limefichwa.

Ilikuwa jioni moja ya Juni, tisini na nne. Nilikuwa natoka dukani kwenda nyumbani, paa liko wazi, kitambaa nimekifunga kichwani. Manyunyu yalikuwa yamekatika muda huo huo. Pale Dagoretti Corner mwanamke mmoja aliyekuwa anachoma mahindi kando ya barabara aliinuka kumpa mteja hindi lake, akarudi nyuma hatua moja. Moja tu. Nilisikia kishindo, na makaa yakamwagika kwenye lami yakifuka moshi. Nilipunguza mwendo. Nikamwona kwenye kioo, amekaa chini ameshika mguu, watu wanamkimbilia. Nikakanyaga mafuta. Nilijiambia watanipiga mawe. Nilijiambia hakuumia sana. Nilijiambia mengi hadi nikafika Karen.

Kesho yake nikalifunika gari, na tangu siku hiyo nikipita Dagoretti Corner nilitazama upande wa pili. Nilingoja polisi. Hawakuja. Nikadhani ni bahati yangu.

"Tarehe ya leo ina ubaya gani?" nikamuuliza Mzee Abdulfatah, kwa ile sauti ninayotumia na wateja wasumbufu. "Mnunuzi wangu anataka ya leo. Ni karatasi tu, mzee."

Binti yake, Nisreen, msichana wa miaka ishirini hivi, alikuwa anapanga vyetezo rafuni. Mikono yake ilisita, lakini hakugeuka.

"Gari nilipewa na tajiri wangu Mtaliano aliporudi kwao," akasema mzee, taratibu. "Nikaliuza kwa kuwa vipuri vilinishinda. Baada ya miaka mitatu askari wakanijia kazini. Gari langu limemgonga mtu likakimbia, kuna aliyeishika nambari. Nikawaambia, nimeliuza. Wakaniuliza, kwa nani? Dalali keshakufa. Hati sina. Na sheria yataka mwenye gari amtaje dereva. Mimi nimtaje nani, bibi? Nikalala ndani siku nne. Kortini nikatozwa faini. Niliporudi kazini, kiti changu kina mtu mwingine."

Nikaitazama ile nafasi ya tarehe iliyo wazi.

"Walikuwa wakitafuta mwanamume," akaongeza, na kwa mara ya kwanza akaniangalia machoni. Akagusa kofia yake. "Mashahidi walisema dereva ana kitu kichwani. Wakasema ni kofia."

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililonikera. Afadhali angenitukana. Ningemjibu, tungegombana, ningeondoka nikiwa na haki yangu kidogo.

"Kwa hivyo unataka nijipeleke polisi?"

"Polisi ni shauri lako. Mimi nataka tarehe." Akasogeza fungu la ubani lililokuwa limelala juu ya fomu. "La kuvunda halina ubani. Na ubani ndio biashara yangu, najua."

"Na nikikataa?"

"Basi gari ni langu," akasema. "Kama lilivyokuwa siku ile."

Nikachukua funguo zangu. Sitasema uongo: nilizichukua nikaelekea mlangoni, na kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu yote. Tarehe ya leo, na ile jioni ya Juni inabaki ya Abdulfatah milele. Tarehe ya kweli, na inakuwa yangu, kwa mwandiko wangu, na Mwendwa anaisoma, na serikali inaisoma. Nikaona bora niliuze gari vipande vipande, mlango huku, injini kule. Hakuna anayeomba sahihi ya mlango.

Pale mlangoni nikageuka, sijui kwa nini, labda ni nyonga tu ilitaka kupumzika. Nisreen alikuwa amesimama na chetezo mkononi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama baba yake, kwa upole, kwa subira, kama mtu anayesikia hadithi aliyoisikia mara mia na ambaye adabu haimruhusu kuuliza. Niliujua uso huo. Debra hunitazama hivyo nikimwambia ni kwa nini baba yake aliondoka.

Nikarudi. Nikainama juu ya kioo nikaandika: tarehe kumi na sita, Agosti, 1991. Kalamu ilikwama kwenye ile moja ya mwisho, nikairudia.

Mzee Abdulfatah akatia sahihi chini yake, herufi ndefu za karani. Kisha hakunipa fomu. Alimpa binti yake.

"Soma, mwanangu."

"Mnunuzi, Waceke Mungai," Nisreen akasoma kwa sauti. "Tarehe kumi na sita, Agosti, tisini na..." Akairudia kimyakimya, mstari kwa mstari. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kumbe ni kweli, Baba," akasema.

Mzee akavua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa kanzu. Aliifuta muda mrefu sana. Miaka kumi na miwili alikuwa anamwambia mtoto wake kwamba si yeye, na miaka yote hiyo mtoto alikuwa anaitikia tu, ndiyo Baba, ndiyo Baba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Nikasema pole. Neno lenyewe lilikuwa dogo, hata halikufika upande wa pili wa meza.

Nisreen alivuka barabara kutoa kopi. Tulipobaki wawili, mzee akarudisha miwani machoni.

"Yule mama wa mahindi aitwa Kalekye," akasema. "Yuko pale pale, karibu na fundi wa viatu. Atembea kwa fimbo. Kila Idi humpelekea sukari, naye hunicheka. Aniambia, dereva gani wewe, wagonga mtu kisha wamletea sukari? Nimechoka kumweleza."

Nilimpigia Mwendwa nikiwa bado ndani ya Spider. Nikamsomea tarehe. Akasema hapo kuna faini, kuna maswali, yeye hataki maswali. "Ukiinyoosha niite, mama." Haya, nikamwambia, na kwa kweli sikusikia uchungu.

Nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka jijini nikashika Ngong Road, jua la saa tisa likinipiga usoni, na nilipofika Dagoretti Corner sikutazama upande wa pili. Nikasimamisha gari kando ya jiko lake. Nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja, na nyonga ikagoma. Nikabaki hivyo, nusu ndani nusu nje, jasho likinitoka, fundi wa viatu akinishangaa.

Yeye ndiye aliyekuja. Mwanamke mfupi, leso kiunoni, fimbo mkono wa kushoto. Akaninyooshea wa kulia, mweusi kwa masizi.

"Shika hapa, mama," akasema. "Ai, hii gari yako imekaa chini sana."

Nikaushika. Hapo ndipo alipolitazama gari vizuri, ile rangi, ile pua yake, kisha akakitazama kitambaa changu kichwani. Vidole vyake vikakaza.

"Haikuwa yule mzee," nikamwambia. "Ilikuwa mimi."

Nyuma yake hindi lilikuwa linaungua, na hakugeuka kulitazama.

"Umekawia," akasema.

"Nimekawia."

Hakuuachia mkono wangu, nami bila yeye nisingeweza kusimama.